Sura ya Saba: Mbio Zilizomwacha Farasi

Mwaka 1879 tembo wanne walishushwa kutoka melini kwenye pwani ya Msasani, jirani na Dar es Salaam. Walikuwa tembo wa Uhindi, waliofugwa na kufunzwa kazi, na aliyewagharimia alikuwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mtu aliyeitamani Afrika maisha yake yote na hakukanyaga hata siku moja ile Kongo aliyoitawala. Alitaka kujua kama tembo wangeweza kubeba mizigo kutoka pwani hadi Karema, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo ukivuka maji tu umeshafika upande wa Kongo. Msafara uliongozwa na Mwingereza Frederick Carter. Tembo watatu walikufa njiani. Wa nne, jike aliyeitwa Pulmalla, alifika Karema, naye hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 akiwa njiani kurudi pwani.

Huwezi kuelewa kwa nini mfalme ahangaike na tembo mpaka ujue kwamba farasi walikuwa hawafiki. Kuanzia mabonde ya Ruvuma na Zambezi hadi misitu ya miombo inayoizunguka Lubumbashi, nchi hii ilikuwa kaburi la farasi. Livingstone alijaribu mwaka 1866: aliondoka Mikindani na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu wa kubeba mizigo na punda, akapanda nao bonde la Ruvuma. Wakamwishia mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kuumwa na mbung'o, wengine kwa kuteswa na waliopewa kazi ya kuwatunza.

Miaka karibu mia tatu kabla yake jambo hilohilo lilikuwa limeshamwaga damu ya watu. Mwishoni mwa 1571 jeshi la Wareno chini ya Francisco Barreto lilipiga kambi Sena, kwenye mto Zambezi, likielekea kutafuta dhahabu ya bara. Farasi wao wakaanza kudhoofika na kufa, na askari nao wakafa kwa homa. Pale Sena walikuwapo wafanyabiashara Waislamu wa Kiswahili waliokaa huko vizazi na vizazi. Wareno wakawashtaki kwamba wamewatilia farasi sumu, wakawatesa na kuwaua. Leo wanahistoria wengi wanaona kwamba hapakuwa na sumu yoyote. Kulikuwa na mbung'o, na kulikuwa na homa. Sisomi habari ile bila kuumia, kwa sababu watu wale walikufa kwa kosa la nzi.

Ushahidi wa kisayansi ulipatikana mwaka 1895, pale daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akiwa Ubombo katika nchi ya Wazulu, alipoona vijidudu vya tripanosoma ndani ya damu ya mifugo iliyougua nagana na kuthibitisha kwamba vinaletwa na mbung'o. Na mbung'o hayuko peke yake. Upo ugonjwa mwingine unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma jioni na usiku. Huo ndio uliofagia farasi karibu 70,000 kule Rasi ya Afrika Kusini katika mlipuko mmoja wa 1854 na 1855. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuugua. Farasi aliyetoka Ulaya au Uarabuni aghalabu hufa kwa siku chache, povu likimtoka puani.

Kwa hiyo Katanga, nchi ya Lubumbashi, ilikuwa nchi ya miguu. Kiswahili kilifika huku kwa miguu, pamoja na misafara ya pembe na shaba. Msafara wa Kapteni Stairs uliofika Bunkeya Desemba 1891, ule uliomuua Mwami M'siri tarehe 20 ya mwezi huo, ulitembea kutoka Bagamoyo, na mizigo yake ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi ambao wengi wao walitoka Unguja na pwani. Reli kutoka kusini ilipofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mji ukaruka moja kwa moja kutoka mpagazi hadi gari moshi. Hapakuwa na karne ya farasi katikati. Wabelgiji walikuja kufuga ng'ombe juu kwenye nyanda za Biano, ambako baridi na nyasi fupi humnyima mbung'o makazi, na huko farasi angeweza kuishi. Lakini mji wa shaba haukumhitaji.

Nimeanza na wadudu kwa makusudi, kwa sababu sura hii inahusu mbio za farasi za kuruka vizuizi, na msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kuuliza zinamhusu nini. Zinamhusu. Mbio hizo zilizaliwa kwa farasi, zikatufikia bila farasi, na zilipotufikia tukazichukua zikawa zetu kiasi kwamba dunia nzima ilikaa miaka hamsini ikizihusisha na Afrika Mashariki.

Zilianzia Ireland, kaunti ya Cork, mwaka 1752. Mabwana wawili, Cornelius O'Callaghan na Edmund Blake, walibishana ni farasi wa nani mwenye nguvu. Wakakubaliana watoke kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, karibu kilomita saba, wakikata katikati ya mashamba. Hapakuwa na njia iliyochongwa. Mnara wa kanisa ulionekana kwa mbali juu ya miti, ukawa ndiyo alama: uone mnara, uuendee, na lolote lililo mbele yako uliruke, liwe ukuta wa mawe, ua wa miiba au mfereji. Mchezo ukaenea kwa wenye mashamba, ukavuka bahari hadi Uingereza, na baadaye watu wenye akili ya biashara wakaona kwamba watazamaji hawawezi kulipa kiingilio kutazama wapanda farasi wanaopotelea mashambani. Wakazileta mbio kwenye uwanja, wakajenga vizuizi vya kuiga mashamba.

Mbio kubwa kupita zote za aina hiyo ni Grand National, inayofanyika kila mwaka Aintree, nje kidogo ya Liverpool. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa 1839. Mwaka huo farasi aitwaye Lottery alishinda, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la aliyeanguka. Kapteni Martin Becher alitupwa na farasi wake ndani ya kijito kilicho ng'ambo ya ua, akajikunyata majini huku wengine wakipita juu yake. Kizuizi hicho kinaitwa kwa jina lake mpaka leo, Becher's Brook, na ubaya wake ni kwamba upande wa kutua uko chini kuliko upande wa kuruka. Farasi hukuta ardhi imemkimbia.

Umbali ni kama kilomita saba na vizuizi ni 30. Sijui mashindano mengine ambayo aliye bora hana uhakika wowote kiasi hicho. Mwaka 1956 Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth, alikuwa ameshamaliza vizuizi vyote, anaongoza, zimebaki hatua chache tu kufika mwisho. Ghafla akarusha miguu ya mbele kana kwamba ameona kizuizi hewani, akaanguka kwa tumbo. Hadi leo hakuna aliyeeleza sababu watu wote wakakubali. Mwaka 1967 farasi waliokuwa mbele walirundikana kwenye kizuizi cha 23, kimojawapo cha vilivyo vifupi kabisa pale uwanjani, na Foinavon, aliyekuwa nyuma sana na ambaye waliomwekea dau walipewa mia kwa moja, akapata mwanya, akaruka, akaenda kushinda peke yake. Halafu ukaja wakati wa Red Rum: 1973, 1974, na tena 1977. Mkufunzi wake alimkimbiza kwenye mchanga wa ufuo wa Southport, na maji ya bahari yakaisaidia miguu yake iliyokuwa na maradhi.

Farasi hufa Aintree. Hilo lazima lisemwe waziwazi, maana mchezo huu umejengwa juu ya hatari ambayo mpanda farasi ameichagua na farasi hakuichagua. Baada ya wawili kufa mwaka 2012, nguzo ngumu za mbao ndani ya vizuizi ziliondolewa, na mwaka 2024 idadi ya washindani ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34. Naona mabadiliko hayo yalichelewa mno.

Ziko mbio nyingine za kila mwaka ambazo nazipenda zaidi kwa ajili ya mtu mmoja. Huko Pardubice, katika nchi ya Ucheki, Velká pardubická imekimbiwa tangu 1874. Kizuizi chake kinachoogopwa kinaitwa Taxis: ua mnene, na nyuma yake mfereji mpana ambao farasi hauoni mpaka yuko hewani. Mwaka 1927 mwanamke aitwaye Lata Brandisová aliingia mashindanoni, wanaume wakapiga kelele kwamba hafai. Alianguka, akapanda tena, akaanguka, akapanda tena, akamaliza wa tano. Miaka kumi ikapita. Oktoba 1937, Ujerumani ya Hitler ikiitolea nchi yake macho, na maofisa wapanda farasi wa Kijerumani wakiwa wameshayazoea mashindano hayo kwa kushinda, Brandisová alimpanda farasi jike Norma, akawashinda wote. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo.

Kwetu, farasi wa mbio walipata makao Nairobi. Mji uko juu, kama mita 1,700, na mbung'o hawakufika pale kwa wingi. Walowezi walianza mashindano tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na uwanja wa Ngong unatumika tangu 1954. Huko ndiko alikotoka Beryl Markham, aliyepata leseni ya kufunza farasi akiwa na miaka 18 na ambaye farasi wake Wise Child alishinda St. Leger ya Nairobi mwaka 1926, miaka kumi kabla yeye hajaruka peke yake kwa ndege kuvuka Atlantiki. Lakini hata Nairobi farasi anaishi kwa hisani ya chanjo. Kila mwaka adungwe sindano, na jioni aingizwe bandani kabla visubi havijatoka. Ni mchezo wa gharama, ulianza ukiwa wa walowezi, na Waafrika waliokuwa karibu na farasi hao kwa miaka mingi walikuwa watunzaji, si wenye farasi. Wanandi na Wakipsigis walifanya kazi kwenye mazizi hayo. Wajukuu wa kizazi hicho ndio tutakaokutana nao sasa hivi, wakiruka wenyewe.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 1850, Oxford, wanafunzi wa chuo cha Exeter walirudi kutoka mbio za farasi za kuruka vizuizi wakiwa hawakuridhika. Mmoja wao, Halifax Wyatt, ambaye farasi alikuwa amemwangusha, akasema ni afadhali akimbie umbali huo kwa miguu yake mwenyewe. Wenzake wakaichukua kauli ile kwa uzito. Wakapima maili mbili za shamba lenye unyevu, zenye vizuizi 24, wakakimbia. Wyatt alishinda.

Kutoka kwenye shamba lile zikaja mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Olimpiki ya 1900 mjini Paris ilikuwa nazo kwa umbali mwingine. Umbali wa 3,000 ulianza 1920, na kanuni zikakamilika 1954. Los Angeles 1932 mhesabu mizunguko alikosea, wanaume wakakimbia mzunguko mmoja wa ziada, na Volmari Iso-Hollo wa Finland akashinda vilevile. Finland ndiyo iliyotawala miaka hiyo.

Ukisimama karibu na kiunzi ndipo utakapoheshimu wanaokiruka. Kiunzi cha mita 110 ukikigonga kinaanguka. Hiki hakianguki. Ni boriti nene ya sentimita 12.7 kila upande, urefu wake karibu mita nne, na chote kina uzito wa kilo 80 hadi 100. Kimo ni sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Ukikosea, goti lako ndilo litakaloumia. Mkimbiaji hukutana na viunzi vya kawaida mara 28, na mara saba hukutana na kile chenye shimo la maji mbele yake. Shimo hilo lina mita 3.66 kwenda mbele, kina kikubwa kiko chini ya kiunzi, kisha sakafu inapanda kidogokidogo mpaka inalingana na uwanja. Anayejua kazi hukanyaga boriti kwa unyayo mmoja, hujikunja, husukuma, hutua kwa mguu mmoja pale maji yanapokaribia kwisha, na hatua ya pili tayari iko pakavu. Aliyechoka huanguka karibu na kiunzi, kwenye kina, na kutoka humo ni kama kupanda ngazi ukiwa na viatu vilivyojaa maji.

Oktoba 1968, Mexico City. Amos Biwott, kijana Mnandi aliyekuwa hajakimbia mbio hizi mara nyingi, aliruka maji kwa namna ambayo makocha hawakuwahi kuifundisha: badala ya kutua shimoni kama wengine, alilivuka lote, akatua pakavu. Wenye ujuzi walicheka, wakasema atachoka. Mzunguko wa mwisho akatokea nyuma akawapita wote, saa ikasoma dakika 8 na sekunde 51, na Benjamin Kogo, Mkenya mwenzake, akashika nafasi ya pili. Katika mashindano ya mwaka uleule, Englebert ya hapa Lubumbashi, timu tunayoiita leo TP Mazembe, ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya pili mfululizo. Nchi mbili za Kiswahili zilikuwa zinachagua michezo yake.

Munich 1972 Kipchoge Keino aliingia kwenye viunzi kwa sababu ya ratiba: mita 1,500 na 5,000 zilipangwa kwa namna ambayo hangeweza kuzikimbia zote mbili. Hakuwa na uzoefu, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba mtindo wake si mzuri, anaruka kama mnyama. Aliweka rekodi ya Olimpiki, 8:23.64, na Ben Jipcho akawa wa pili. Miaka sita baadaye Henry Rono, aliyekuwa mwanafunzi Marekani, alishusha rekodi ya dunia hadi 8:05.4, ikiwa moja ya rekodi nne alizozivunja ndani ya siku 81. Kwenye Olimpiki hakukimbia kamwe, kwani Kenya ilisusia 1976 na ikasusia tena 1980.

Tanzania ilikwenda Moscow. Filbert Bayi, mwana wa Karatu, alikuwa tayari mtu mkubwa: mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 akiongoza kutoka mlio wa bastola. Akiwa na miaka 27 alichagua viunzi, na tarehe 31 Julai 1980 akakimbia fainali jinsi alivyozoea kukimbia kila kitu, mbele, peke yake, bila kumwangalia mtu. Aliwaacha mbali. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia akiwa bado anaongoza, lakini magoti yalishaacha kupanda. Bronisław Malinowski wa Poland alikuwa akilila pengo lile polepole, na karibu na maji ya mwisho akampita. Bayi alimaliza kwa 8:12.48. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Tanzania. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui akapata ya pili, ya mita 5,000, na mpaka leo nchi haijapata ya tatu. Wapo wanaosema Bayi alikosea kwenda kasi mapema. Mimi nasema ndivyo alivyokuwa, na ile rekodi ya Christchurch aliipata kwa tabia hiyohiyo.

Kuanzia Los Angeles 1984 hadi Rio 2016 dhahabu ya wanaume haikuondoka mikononi mwa Kenya: Julius Korir, Julius Kariuki, Matthew Birir, Joseph Keter, Reuben Kosgei, Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto, Kemboi tena, Conseslus Kipruto. Olimpiki tisa mfululizo. Barcelona 1992 na Athens 2004 Wakenya walichukua medali zote tatu. Yule wa pili wa Barcelona, Patrick Sang, ndiye aliyekuja kumlea Eliud Kipchoge katika marathoni. Moses Kiptanui alikuwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika nane, Zurich, Agosti 1995: 7:59.18.

Watu hupenda kueleza ushindi huo kwa hadithi ya mtoto anayeruka magogo akienda shule. Siikubali. Watoto wanaokwenda shule kwa miguu wako Kasenga na Pweto vilevile, na mito ya kuvuka wanayo. Mwinuko una sehemu yake, maana Iten iko kwenye mita 2,400. Lakini kilichofanya kazi kubwa ni mnyororo wa watu. Biwott alitangulia, Keino na Jipcho wakafuata, shule kama St. Patrick's ya Iten zikajenga timu za mbio mwaka baada ya mwaka, vyuo vya Marekani vikafungua milango, na kijana wa Nandi akakua akijua kwa majina watu wa kijiji chake waliokwisha kuruka maji yale. Pale mnyororo ulipolegea, Tokyo mwaka 2021, Soufiane El Bakkali wa Morocco alichukua dhahabu, akaichukua tena Paris 2024.

Wanawake walicheleweshwa kwa ukaidi wa wakubwa wa mchezo. Mashindano ya dunia yaliwapa nafasi mwaka 2005 tu, Helsinki, na bingwa wa kwanza kabisa alikuwa Dorcus Inzikuru wa Uganda. Anatoka Arua, mji ambao ukitoka asubuhi kwa pikipiki unaweza kunywa chai ndani ya Kongo. Olimpiki ikafuata 2008. Mwaka 2017 jijini London Beatrice Chepkoech wa Kenya, akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, alisahau kukata kona kuelekea kwenye maji, akaendelea kunyoosha. Aligutuka, akarudi nyuma mbio, akaruka maji peke yake huku kundi likiyoyoma, akalifukuzia mpaka akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata, Monaco, akavunja rekodi ya dunia kwa 8:44.32. Peruth Chemutai, msichana wa Bukwo chini ya Mlima Elgon, akawa Tokyo mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Na Paris 2024 jukwaa zima lilikuwa la waliozaliwa upande wetu wa dunia: Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya anayeikimbilia Bahrain, Chemutai wa pili, Faith Cherotich wa Kenya wa tatu.

Lubumbashi ina mtaa mkubwa uitwao Kenya, wenye soko lake na uwanja wake wa mpira, na sijaona humo kiunzi hata kimoja. Mpira umekula kila kitu, nami ni mpenzi wa mpira. Simlaumu kijana anayeota jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe. Ila nawalaumu wanaopanga michezo ya shule, kwa sababu hapa kisingizio cha umaskini hakisimami. Mji uko kwenye mita 1,200 na zaidi, Kundelungu iko juu zaidi, na jua la kiangazi asubuhi halichomi. Boriti ya sentimita 12.7 inapasuliwa na seremala yeyote wa hapa, na mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza mageti ya nyumba wanaweza kuunda miguu yake kwa siku moja. Viunzi vinne vya kawaida na kimoja cha maji vinatosha kwa mzunguko mzima.

Kazi iko kwenye shimo. Mita 3.66 kwa 3.66, kina cha nusu mita upande wa kiunzi, saruji yenye mteremko laini, na mpira mnene pale mguu unapotua ili mtoto asiteleze. Liwekewe bomba la kutolea maji chini kabisa, na lifunguliwe kila baada ya mazoezi, hasa kati ya Novemba na Machi, kwa sababu maji yakituama humo wiki mbili tu shule itakuwa imefuga mbu.